Picha ya Sakitu

Rodrick alilisoma daftari kwa sauti ile ile aliyowasomea wote, bila kupanda wala kushuka.

"Esnath Mgaya. Shamba namba ishirini na saba. Miche arobaini ya parachichi. Imekauka kumi na tisa. Sababu: uzembe."

Ukumbi wa kukodi pale Makambako ulikuwa na madirisha matatu yasiyo na vioo, na upepo wa Julai uliingilia dirisha moja ukatokea jingine kama mwenye nyumba. Wanachama wa kikundi, waliotoka Njombe na vijiji vyake tangu alfajiri, walijikunyata kwenye mabenchi na mablanketi mabegani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walitazama viatu vyao, na mama mmoja aliyekaa jirani na Esnath alisogea kidogo, sijui kwa kumpa nafasi ya kusimama au kwa kuogopa uzembe usimwambukize.

Esnath alisimama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwembamba, asiyependa kusema mbele za watu. Hata kanisani akiombwa kuongoza sala humsukumia mwenzake.

"Samahani, bwana mkaguzi. Miche yangu haikufa kwa uzembe. Imeunguzwa na sakitu."

"Na nini?"

"Sakitu. Ile baridi ya alfajiri inayoganda juu ya majani."

Rodrick alikuwa kijana mstaarabu, tusimwonee. Kampuni inayonunua matunda ya kikundi ilimleta mwezi wa nne kutoka Kilosa, ikampa pikipiki, daftari na kanuni. Alikaa Makambako, na kwa kuwa baridi ya asubuhi ilimtesa, alisubiri jua likolee ndipo apande pikipiki kwenda mashambani.

"Mama, nilifika kwako saa sita mchana," alisema. "Nilivua koti. Nilitokwa jasho. Baridi gani hiyo inaunguza kama moto?"

Hapo wachache wakacheka. Hawakumcheka Esnath, walichekeshwa na maneno, lakini kicheko kikishatoka hakichagui pa kutua.

"Ungefika alfajiri ungeiona," Esnath alisema kwa sauti ndogo.

"Kila mtu ananiambia hivyo. Basi niletee picha. Sitaki ya nyasi za porini, nasi tuna nyasi. Nataka sakitu juu ya majani ya mche wenyewe, na kibao cha shamba kionekane. Mkutano ujao ni Ijumaa ya wiki ya pili kutoka leo, na orodha inakwenda kampuni siku hiyo. Mwenye neno hili la uzembe mbele ya jina lake hapati miche ya msimu wa mvua, na nafasi yake anapewa mwingine. Sikuitunga mimi kanuni, mama yangu."

Akafunua ukurasa, akaita jina linalofuata.

Esnath aliketi, akayatazama mapaja yake. Miche ilimuuma, ndiyo, lakini miche huota mingine. Lililomchoma zaidi ni lile neno. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akipandisha ndoo ishirini za maji kutoka mtoni hadi shambani, kichwani, peke yake, na utosi wake ulikuwa na upara mdogo wa kata ya kubebea ndoo, aliouficha kwa kilemba. Mtu mwenye upara wa ndoo anaitwa mzembe mbele ya watu hamsini! Alitamani akivue kile kilemba palepale awaonyeshe.

*

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya msitu wa paini, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Njombe mjini. Jioni ile Kefa, mumewe, alirudi kutoka kiwanda cha mbao na mzigo wa mabanzi begani, akawakuta mkewe na mama yake mzazi, Bibi Dorkasi, wamelizunguka jiko la kuni bila kuongea. Alipoelezwa alicheka kwanza.

"Picha tu? Simu si hii hapa?"

"Kesho basi," Esnath alisema. "Ila itabidi tusiifunike."

Kefa akaacha kucheka. Tangu ile kumi na tisa ife, kila jioni walikuwa wakiifunika miche iliyobaki kwa nyasi kavu, mmoja mmoja, kama watoto. Mche uliofunikwa hauna sakitu ya kupigwa picha. Mche wenye sakitu, baada ya siku mbili majani yake huweza kuwa meusi.

"Kwa hiyo ili aamini kwamba baridi inaua, tuiache iue," Kefa alisema.

"Minne," Esnath alisema. "Ile minne iliyo karibu na kibao. Mingine tunafunika."

Bibi Dorkasi, aliyekuwa akigeuza viazi kwenye majivu, alitikisa kichwa. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyo kijana alale huku usiku mmoja tu, hiyo picha ataiomba yeye."

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, Kefa alikwenda peke yake. Alivaa koti na ndala, simu akaitia mfuko wa suruali, akaondoka akipiga mluzi. Sakitu ilikuwapo, nyeupe, nzito, kwenye kila jani. Alichuchumaa mbele ya mche wa kwanza, akatoa simu, akaona betri asilimia sitini. Akapuliza vidole. Akabonyeza. Kioo hakikuhisi kitu, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kioo chenyewe kilikuwa na ufa. Akabonyeza tena, akapiga picha ya kidole gumba chake. Akajaribu mara ya tatu, simu ikazima.

Alirudi nyumbani miguu imelowa, midomo ya bluu, akaiweka simu karibu na jiko na kuitukana. Baada ya robo saa akaiwasha. Ilisoma asilimia hamsini na nane.

"Haikuisha chaji!" alifoka. "Ilikuwa imelala tu! Nimekwenda kule nimetaabika bure!"

"Ni mzee kama mimi," Bibi Dorkasi alisema. "Inataka moto ndipo iongee. Na wewe ulikwenda na ndala kama unakwenda chooni. Mpiga picha ni mikono, Kefa. Mikono ikifa, hata ukipewa simu ya waziri ni bure."

Mche mmoja kati ya ile minne ulikuwa mweusi kufikia siku ya tatu. Esnath aliung'oa mwenyewe, na badala yake akafunua mwingine.

*

Kuanzia hapo maandalizi yakawa makubwa kuliko ya harusi. Soksi mbili mbili na mabuti ya mpira ya kuazima. Gazeti kuukuu kifuani kati ya fulana na sweta, kama wanavyofanya wachana mbao. Viazi vya kuchoma, vya moto, vimefungwa kwenye vitambaa, kimoja kila mfuko, ili mikono ipate pa kujificha, vikipoa unavila. Kefa alijaribu kuiweka simu kwenye mfuko wa kiazi, Bibi Dorkasi akamchapa mkono.

"Kiazi kina jasho! Unataka kuichemsha?"

Ikaamuliwa simu ilale kifuani kwa Esnath, ndani ya nguo zote, chini ya kitenge alichojifunga kama anayebeba mtoto. Kwa hiyo ilibidi waende wawili.

Wakawa tayari, na sakitu ikagoma. Ndivyo ilivyo dunia. Siku nne mfululizo mawingu yalifunika milima, ikanyesha manyunyu, asubuhi ikawa na ukungu tu wa kawaida. Wenye miche walishukuru Mungu. Esnath peke yake, katika kijiji kizima, alisimama mlangoni kila jioni akiomba baridi, na aliona aibu kuiomba. Jirani yao Yoeli, aliyekuwa na miche sitini, alipita akawasikia wakilalamika juu ya mawingu.

"Kamwene, mama," alisalimu. "Nasikia mnaitafuta sakitu." "Mkiipata ibakini nayo kwenu. Msiilete kwangu."

Alisema kwa utani, lakini Esnath hakulala vizuri.

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya mkutano, mawingu yaliondoka. Bibi Dorkasi alitoka nje, akatazama moshi wa majiko ya kijiji. Ulikuwa haupandi, ulilala bondeni umejinyoosha. Nyota zilitoka mapema na upepo ukakata.

"Kesho," alisema, akaingia ndani kuchagua viazi.

*

Walifika shambani saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Kefa alitaka wawahi ili jua lisiwakute njiani. Shamba lilikuwa mteremko mdogo, na kibao cha bati chenye namba 27 kilisimama upande wa chini, miche minne iliyo wazi ikiwa imekizunguka. Kamera ya simu yao haioni gizani, kwa hiyo hakukuwa na la kufanya ila kungoja.

Baridi ile haisimuliki kwa mtu wa pwani. Ilianza miguuni, ikapanda kwenye magoti, ikafika kwenye meno. Dakika kumi za kwanza walisimama. Kumi zilizofuata walirukaruka. Kisha Esnath akaanza kukohoa.

"Mikono unaisikia?" Kefa aliuliza.

"Siisikii."

"Kiazi je?"

"Kimeshapoa."

Kefa alifikiri. Alimhurumia mkewe, na alikumbuka maneno ya mama yake kwamba mpiga picha ni mikono. Pembeni mwa shamba alikuwa ameacha mabanzi ya kujengea uzio. Akayachukua, akayapanga karibu na kibao ili kukicha wasipate shida ya kutembea, akawasha moto. Mabanzi ya paini yana utomvu, yalishika mara moja. Wakauinamia moto wote wawili, mbele wakiungua na mgongo ukiganda, wakageuka, mgongo ukapata na tumbo likaganda. Kefa akafukia viazi kwenye makaa vipate moto tena. Ilikuwa starehe. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Esnath alicheka, akimwona mumewe amevaa kilemba cha mama yake juu ya kofia.

"Ukipigwa picha wewe, Rodrick atatuandikia wazimu badala ya uzembe."

Waliuchochea moto kwa saa nzima na zaidi. Walikaa hivyo, mabega yamegusana, mpaka mashariki pakapauka.

Mwanga ulipofika chini walianza kuona. Bonde lote lilikuwa jeupe. Nyasi nyeupe, uzio mweupe, nyasi kavu zilizofunika miche nazo nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Kefa alisimama kwa furaha, akageukia ile minne.

Ilikuwa ya kijani. Majani yake yalikuwa yamelowa, yanang'aa, mazima. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini. Moto ulikuwa umefukuza sakitu kuzunguka kibao chote, hatua sita sita kila upande.

Kefa alitazama miche, akatazama moto, akatazama mikono yake iliyokuwa na joto zuri la kutosha kupiga picha mia.

"Esnath," alisema. "Nimefanya nini?"

Esnath aliutazama ule moto. Alilia. Alilia waziwazi, bila kujifunika, kwa ajili ya miche kumi na tisa na ule wa ishirini, kwa ajili ya siku nne za kuomba baridi na wote waliotazama viatu vyao. Mumewe alipomgusa bega aliutoa mkono wake, akaanza kupanda mteremko kuelekea nyumbani.

"Tufunue mingine!" Kefa aliita nyuma yake.

"Ukiifunua sasa utaikuta mikavu, haina sakitu! Jua linakuja!" Esnath alisema bila kugeuka.

"Nisamehe basi!"

Alikwenda hatua arobaini hivi. Buti la kuazima likamtoka mguuni, akasimama kulivaa, na katika kuinama akageuka akatazama chini.

Aliona bonde jeupe lote, kutoka mtoni hadi kwenye paini. Katikati ya weupe ule aliona duara la kijani, la mviringo kama ungo, na ndani ya duara miche minne mizima, na kibao namba 27, na moto unaofuka, na mume wake amechuchumaa na kilemba cha mama yake kichwani, uso kwenye viganja. Mpaka wa duara ulikuwa umekatwa kama kwa kisu. Palipokuwa na joto palikuwa na uhai. Pasipokuwa na joto palikuwa peupe.

Esnath alisimama akitazama. Kisha akaingiza mkono chini ya kitenge, chini ya sweta na gazeti, akatoa simu. Ilikuwa na joto la mwili wake. Asilimia arobaini na moja. Mguu mmoja ulikuwa bado na soksi tu kwenye sakitu, hakuujali. Alibonyeza, kioo hakikuhisi. Kidole kilikuwa kimeshapoa njiani. Akaingiza mkono mfukoni, akakuta kiazi alichokitoa kwenye makaa muda si mrefu, akakishika kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Akabana pumzi mvuke usipite mbele ya kamera.

"Usiondoke hapo!" alimpigia mumewe kelele. "Kaa hivyo hivyo!"

"Nikae vipi?"

"Hivyo hivyo kama mjinga!"

Akapiga mara tatu. Simu ikazima.

Saa mbili, jua lilipofika bondeni, hapakuwa na weupe wowote mahali popote. Mtu angepita saa sita angevua koti.

*

Ijumaa, Makambako, upepo ulikuwa ule ule na mabenchi yale yale. Esnath alikwenda mbele kabla hajaitwa. Kefa alibaki nyuma kwa aibu, maana alijua yuko kwenye picha na amevaa nini.

Rodrick alipokea simu, akaitazama. Akaisogeza karibu na macho, akaikuza kwa vidole viwili. Mzee Patrick, mwenyekiti wa kikundi, aliinamia begani kwake.

"Huu weupe ndiyo sakitu?" Rodrick aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote hii?"

"Yote."

"Na hapa katikati kuna nini?"

"Ni mume wangu anaota moto."

Ukumbi ulicheka, na Kefa akacheka nao, ingawa masikio yalimwaka. Rodrick hakucheka. Alikuwa akifuata mpaka wa lile duara kwa ncha ya kalamu.

"Kwa hiyo baridi ilikuwa inashuka kote," alisema polepole, "ikashindwa hapa tu penye moto. Bila moto, na miche hii ingeganda. Na kibao ni hiki, ishirini na saba." Akanyanyua macho. "Inakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa mbili. Ikichelewa, mbili na nusu."

"Na mimi nafika saa sita."

"Ndiyo, bwana mkaguzi. Unafika saa sita."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, ndiyo maana ilimuingia. Rodrick aliuliza iliyokufa sasa ni mingapi, Esnath akasema ishirini; akalifungua daftari, akarekebisha hesabu, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akapiga sahihi pembeni. Akamrudishia simu.

"Tayari, mama. Jina lako limo kwenye orodha. Samahani kwa usumbufu."

Esnath hakuondoka.

"Soma," alisema.

"Nini?"

"Ulichoandika. Kisome."

Rodrick alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

"Ile siku hukusoma hivyo," Esnath alisema. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu kwa sauti ile, na aliisikia kama ya mtu mwingine. "Ile siku ulisoma mpaka wa dirishani wakasikia. Soma vilevile."

Kijana alimtazama yule mama, na macho yake yakapanda hadi kwenye kilemba. Kilikuwa kimeteleza kwa upepo, na upara mdogo wa kata ulionekana utosini. Kisha akasimama, akashika daftari kwa mikono miwili.

"Esnath Mgaya!" alisoma, na sauti yake ikafika dirishani na kupita. "Shamba namba ishirini na saba. Miche arobaini ya parachichi. Imekufa ishirini. Sababu: sakitu."

Esnath alisikiliza mpaka neno la mwisho. Ndipo alipokifunga kilemba chake vizuri, akarudi kwenye benchi, na yule mama wa jirani akamsogelea ili wapate joto.